Jinsi Clemensi Alivyozipanga Filamu za Sefu Mbarika

Kabla ya mwaka jana, kama ulikuwa na haraka zako, ilikuwa afadhali usimuulize Clemensi Gwandu wa Bashay, kule Karatu, filamu gani ya Sefu Mbarika ni bora kuliko zote. Ungechelewa. Angeacha jembe katikati ya tuta, angepangusa mikono kwenye suruali, halafu angeanza kukunja vidole. Ya kwanza Mahari ya Punda, na hapo hataki ubishi. Ya pili Harusi ya Zamu. Ya tatu Mjumbe wa Nyumba Kumi, ingawa kati ya hiyo na ya pili aliwahi kukosa usingizi. Angeshuka hivyo hivyo, kila filamu na sababu zake, mpaka afike mkiani, ambako Juu ya Bati ilikuwa imekaa peke yake na hakuna wa kuionea huruma.

"Hiyo Sefu aliitengeneza akiwa anaumwa," angesema. "Hata wewe kuna siku unasonga ugali unatoka mbichi."

Sefu Mbarika mwenyewe ni mtu wa Tanga, mfupi, masikio yamesimama, anatunga filamu zake, anaziongoza na kuzicheza. Clemensi hajawahi kumwona kwa macho, na bahari pia hajaiona. Lakini alimpenda yule bwana kama mtu anavyompenda kaka yake aliyefanikiwa. Alijua anavyokohoa kabla ya kusema uongo, anavyokaa kwenye kiti kibovu huku akijua kabisa ni kibovu. Ukimsema vibaya Sefu mbele ya Clemensi, chai ya pili huipati.

Banda lake liko nyuma ya nyumba, la mabati, lenye runinga kubwa, spika mbili na mabenchi aliyoyapigilia misumari mwenyewe. Jumapili baada ya misa watu wanajaa humo, wengi wao wazee. Kama unajiuliza wazee wa Kiiraqw wanatafuta nini kwenye vichekesho vya pwani, jibu ni Clemensi. Ilianza kwa mama yake, Mungu amrehemu, ambaye Kiswahili cha sokoni alikimudu lakini cha Tanga kilimpita juu kwa juu. Clemensi akawa anamnong'oneza kwa lugha ya nyumbani. Bibi mmoja akasogea ili naye asikie, na mwingine akasogea, mpaka siku moja wakamwambia aache kunong'ona kama mwizi, asimame mbele aseme.

Akasimama. Toka hapo hakukaa tena. Alikuwa anasimama ubavuni mwa runinga na kipaza sauti mkononi, uso kwa watu, akiitupia filamu jicho la pembeni tu, na maneno yanamtoka. Na jamani, alijua kusema yule mtu. Hakutafsiri, alihamisha. Mwenye nyumba wa Tanga aligeuka mzee wa Mbulumbulu anayegombea mpaka wa shamba. Binti wa mjini aligeuka mwanakwaya mwenye maringo. Na yule punda wa kwenye Mahari ya Punda, anayepelekwa ukweni akagoma mlangoni, Clemensi alimpa sauti ya mzee mkorofi aliyetembezwa toka Mbulu kuja kutafuta ardhi, akakuta wakwe hata maji ya kunywa hawajamwekea. Watu walicheka mpaka benchi moja likavunjika. Bibi Katarina, mkubwa wa akina mama wa benchi la mbele, alikuwa anatolewa nje apate hewa.

Ndivyo alivyozipanga filamu. Aliangalia nyuso za watu. Walipocheka sana, filamu ikapanda. Walipocheka kidogo, ikashuka. Nani angempinga?

Aliyempinga alikuwa mmoja tu, Sairowua, Mmasai wa Nainokanoka anayeshusha ng'ombe mnadani Karatu na kufikia kwa Clemensi. Ni urafiki wa siku nyingi, wa mahindi na maziwa. Sairowua anajua Kiswahili cha kununulia na kuuzia, Kiiraqw hajui hata salamu yake. Basi anakaa benchi la nyuma, rungu katikati ya magoti, uso umetulia kabisa wakati wenzake wanagaragara. Halafu mambo yakiisha anasema, "Clemensi, weka ile ya mtu wa juu ya nyumba."

Yaani Juu ya Bati. Ile ya mkiani.

"Mzee wa ng'ombe," Clemensi alikuwa anamjibu, "mambo ya filamu niachie mimi."

Alimpenda rafiki yake, lakini kwa upande huo alimwona mtu ambaye hajafunguka macho. Mara chache alimkubalia kwa ajili ya heshima ya mgeni. Filamu yenyewe haina maneno. Jamaa amepanda kuziba bati linalovuja, amegombana na mkewe, mke ameondoa ngazi akaenda zake. Basi. Amebaki juu. Clemensi alihangaika nayo kweli kweli, akaijaza maneno kuanzia mwanzo mpaka mwisho, akawaeleza watu jamaa anawaza nini, anaogopa nini, atafanya nini. Watu walipiga miayo. Sairowua peke yake ndiye aliyecheka, huko nyuma, kwa sauti nene, na Clemensi akawa anaona aibu kwa niaba yake.

Mwaka jana wakati wa kupalilia sauti ikaanza kukwaruza. Akanywa tangawizi, akanywa asali, akasema ni vumbi. Penina, mkewe, hakusubiri hadithi za vumbi, akamburuta hospitali. Kumbe kuna kinyama kimeota kooni, penye sauti. Wakakitoa. Daktari akamwambia asiseme neno, hata kunong'ona asinong'one, mpaka atakapoitwa tena. Akauliza kwa mikono: na baada ya hapo? Daktari akasema wazi kwamba inaweza kurudi, na inaweza isirudi.

Nyie mnaomjua Clemensi mnaweza kufikiri wenyewe. Mtu aliyekuwa anasalimia mpaka kuku, sasa anaketi mlangoni kama mgeni. Banda akalifunga. Penina alimkuta siku moja ameingia humo mchana, amesimama ubavuni mwa runinga iliyozimwa, anaangalia mabenchi. Hakuwa analia, lakini bora angelia. Alichoogopa kilikuwa kimoja na Penina alikijua bila kuambiwa: kwamba watu walikuwa wanakuja kwa ajili ya ile sauti, na sauti ikiwa imekwenda, hakuna atakayekuwa na sababu ya kuvuka geti lake.

Bibi Katarina akatuma salamu. Jumapili hii wanataka filamu. Clemensi akatikisa kichwa: hapana, hapana. Penina akamwambia aliyeleta salamu, "Mwambie bibi tunawasubiri." Mumewe akamkazia macho. "Nikazie tu," akasema Penina. "Ungekuwa na la kusema ungesema."

Wakaja. Wakajaa kama zamani, na Sairowua alikuwepo kwa sababu mnada ulikuwa jana yake. Clemensi hakujua asimame wapi. Pale ubavuni pa runinga hapakuwa tena pa kwake. Bibi Katarina akamvuta mkono, akamkalisha benchi la mbele, katikati yake na akina mama wengine. Na hapo ndipo Clemensi alipogundua jambo la ajabu, kwamba miaka yote hiyo hajawahi kuziangalia filamu za Sefu kwa kukaa mbele ya runinga kama mtu aliyekuja kuangalia.

Penina akaweka Mahari ya Punda, maana ndiyo ya kwanza.

Mwanzo watu walitabasamu, wakisubiri. Wakaendelea kusubiri. Sefu akakohoa kabla ya kusema uongo, watu wachache wakacheka. Halafu akaingia punda. Kila mtu mle ndani alijiweka sawa. Punda akafika mlangoni kwa wakwe, akasimama.

Akasimama tu. Hakusema kitu, punda huyo. Kwenye filamu kulikuwa na mnyama, mlango na muziki wa kinanda. Clemensi aliangalia kwa macho yake mwenyewe na hakumwona yule mzee wa Mbulu, hakuona maji aliyonyimwa, hakuona chochote cha kuvunja benchi. Sefu Mbarika alikuwa amemweka punda mlangoni na kuondoka. Mengine yote yalitoka kwake yeye Clemensi, na yeye akayapa namba moja bila kujua anajipa mwenyewe.

Angeweza kujisikia bingwa. Hakujisikia hivyo. Alijisikia kama mtu aliyesifia mboga ya jirani kumbe ni ya kwake, tena sasa chungu kimepasuka. Pembeni yake Bibi Katarina alikuwa anasinzia. Nyuma mtu mmoja akainuka taratibu, na mwingine, kwa adabu, wakijifanya wanakwenda kuangalia mifugo. Clemensi aliwasikia na hakugeuka. Ndiyo yamekwisha, akasema moyoni.

"Penina," ikasikika sauti ya Sairowua toka nyuma. "Weka ile ya mtu wa juu ya nyumba."

Clemensi akainua mkono kukataa. Leo isiwe hiyo, jamani, wamebaki wachache. Penina akaona mkono, akaiweka.

Jamaa akapanda. Akagonga bati. Mke akaja, akaangalia ngazi, akamwangalia mumewe, akaichukua ngazi akaondoka nayo. Sefu akabaki kule juu, na hakusema neno.

Banda lilinyamaza. Clemensi alizoea kuuogopa ukimya wa namna ile, ndipo alipokuwa anaingiza maneno kwa pupa. Sasa hakuwa na cha kuingiza. Jirani akapita njiani, akamsalimia yule jamaa wa juu. Sefu angeweza kusema, naomba ngazi. Alimwangalia jirani, akaangalia chini, akapima aibu yake. Halafu akainama akaanza kukagua misumari, mmoja mmoja, kama fundi aliyekuja kwa kazi hiyo.

Mtu mmoja akacheka puani. Akapita jirani wa pili. Sefu akahamia msumari mwingine.

"Mwambie akuletee ngazi, wewe," akasema Bibi Katarina kwa Kiiraqw. Usingizi ulikuwa umemtoka.

"Hawezi," akajibu bibi mwenzake. "Mumeo angeweza?"

"Yule? Angelala huko huko."

Basi ndiyo ikawa imefunguka. Mchana ukaenda kwenye filamu, mke akatandika mkeka uwanjani, akapakua wali, akaanza kula polepole, mgongo kwa mumewe. Harufu ikapanda. Ilionekana inapanda, kwa namna pua ya Sefu ilivyogeuka kabla ya kichwa. Mle bandani kila mtu alikuwa anamsemea yule jamaa maneno yake, huyu Kiiraqw, yule Kiswahili, Sairowua Kimasai, na hakuna aliyemsikiliza mwenzake kwa kucheka. Waliotoka kuangalia mifugo wakarudi, wakasimama mlangoni. Wao nao wakashikwa na kicheko.

Clemensi aliona kila kitu siku ile. Aliona jinsi Sefu alivyowaachia watu nafasi makusudi, akawaamini kwamba wataijaza wenyewe. Kila mmoja mle ndani amewahi kukwama mahali akaona aibu kusema. Na yeye, kwa mapenzi yake yote, miaka yote, ndiye aliyekuwa anaikanyaga ile nafasi kwa maneno na kisha kuilaumu filamu. Aliumia, na hapo hapo alimpenda yule mtu wa Tanga kuliko alivyowahi kumpenda. Kisha Sefu akateleza, akashika bati, akajifanya amekusudia, na Clemensi akacheka. Hakuruhusiwa sauti, kwa hiyo alicheka kwa mabega, kwa tumbo, kwa machozi, mpaka Penina akaja kumshika kifua kwa hofu ya koo.

Filamu ilipokwisha watu hawakutoka mara moja. Sairowua akaja mbele, akasimama mbele ya rafiki yake, akasubiri, bila majivuno yoyote. Clemensi akainua kidole kimoja, akakielekeza kwenye runinga. Namba moja. Sairowua akatikisa kichwa kukubali, akampa mkono, na hakumkumbusha lolote. Kuna watu waungwana sana duniani.

Lakini Clemensi alikuwa bado na lake. Walicheka, ndiyo, na walicheka bila yeye. Lile aliloliogopa alikuwa ameliona kwa macho, kwamba banda linaweza kujaa kicheko na yeye hajatoa hata neno. Akaanza kupanga mabenchi ili asitazamwe usoni.

Bibi Katarina alikuwa ameshafika mlangoni na mkongojo wake. Akageuka.

"Clemensi," akasema, "ile ya punda usituwekee tena. Hii ni ya huyo Sefu wako, nimeiona, anajua kazi. Ile ya punda ni ya kwako. Tutaiangalia ukipona."

Clemensi akaacha benchi. Akagusa koo, akafungua viganja viwili, akamwangalia mkewe.

"Anauliza, bibi," akasema Penina. "Anauliza, na isiporudi?"

Bibi Katarina akauegemea mkongojo wake.

"Basi punda apumzike," akasema. "Sisi Jumapili tutakuja hivyo hivyo. Niwekee nafasi yangu mbele, na wewe ukae pale pale ulipokaa leo."

Clemensi akaketi kwenye benchi alilokuwa amelishika, akalia mbele za watu wote, na hakuna aliyejifanya anakwenda kuangalia mifugo.