Tikisa Kwanza, Ndiyo Useme Shida Yako

Taarifa ilifika ofisini asubuhi, ndiyo kwanza tunafagia. Bosi alipokea simu, akasikiliza, akasema "eeh, eeh" kwa sauti inayoshuka, halafu akakaa kwenye kiti cha wateja. Dada aliyekuwa anaendesha mashine yetu kubwa ya kuchapa mabango hapa Nachingwea alikuwa amefariki hospitalini alfajiri, na ndugu zake wanampeleka kwao Mbekenyera, wilaya ya Ruangwa, azikwe siku hiyohiyo baada ya alasiri. Muda si mrefu bosi akawa ameshapata gari la kukodi. Mama anayekata stika akajitanda kanga. Mimi nikaenda kubadilisha viatu. Ndipo bosi akanishika bega: "Kijana, wewe baki. Unajua mwenyewe, ile nyeupe." Nilijua. Nyie mnaoisoma safu hii kila wiki mnajua nilivyo mwepesi wa kubisha, lakini siku ile nilirudia viatu vyangu vya kazi. Gari likaondoka, nikafunga mlango, nikabaki na mashine gizani. Kwa hiyo mazishi yake mimi nimesimuliwa tu.

Inabidi niwaeleze hiyo nyeupe ni kitu gani, maana bila hiyo hamtamwelewa dada. Mashine yetu inachapa juu ya kitu chochote kigumu, iwe bati, kioo, ubao au plastiki, na wino wake unakaushwa palepale na taa kali. Rangi nyingine hazisumbui. Wino mweupe ndio mtihani. Ndani yake kuna unga mzito, na ukiuacha umetulia, ule unga unashuka chini kama unga wa muhogo ndani ya maji. Ukigandia kwenye yale matundu ya kuchapia, ambayo kwa macho huyaoni, kuyazibua ni kupitisha wino mwingi ambao wote unaishia kwenye dumu la uchafu. Na kuukwepa huwezi, kwa sababu maandishi ya njano kwenye kibao cheusi hayaonekani mpaka utangulize nyeupe chini yake. Kabla mimi sijaajiriwa, dada aliwahi kwenda likizo kwao, huku nyuma wakaizima mashine kabisa. Aliporudi walimaliza nyeupe yote kwa kuzibua, na nyingine ilitakiwa itoke Dar wakati barabara imekatika kwa mvua. Msimu wa korosho unakaribia, wenye maghala wanadai vibao vyao. Bosi alitaka kuiuza mashine. Kuanzia hapo dada aliapa kwamba lile dumu halitajaa tena mikononi mwake.

Na kweli halikujaa. Kila asubuhi, badala ya kuisafisha mashine nzima kama tulivyoelekezwa na waliotuuzia, alichapa mstari mwembamba mweupe kwenye kipande cha plastiki nyeusi. Mstari ukitoka mzima, hakuna kusafisha. Ukiwa na pengo, anasafisha kidogo tu mpaka pengo lizibe. Kazi zote za nyeupe zilisubiri Alhamisi, zichapwe kwa mpigo mmoja. Mimi ninayechora kwenye kompyuta nilizoea kujaza nyeupe kibao kizima, akanikata mara moja: "Mdogo wangu, unapaka ukuta au unaandika? Weka chini ya herufi tu." Dirishani alitundika pazia jeusi zito, maana jua nalo linagandisha wino kama ile taa. Kwa hiyo nje watu wanaanika ufuta, sisi ndani tunaishi kama popo.

Halafu kulikuwa na chupa. Wino wa akiba nao lazima ugeuzwegeuzwe, na dada aliona mikono ya wateja inakaa bure. Ukiingia kwetu, hujasema shida yako, unapewa chupa. Namkumbuka mzee mmoja kutoka Nambilanje, mtu wa Kimwera hasa, Kiswahili chake cha kutafutatafuta.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Nimefuata kibao cha msikiti."

"Karibu. Tikisa kwanza."

Mzee akaipokea, akaitazama. "Hii togwa?"

"Wino, babu. Taratibu, usitikise kama unafukuza nyani shambani. Unageuza, unarudisha."

"Kwetu mgeni anapewa maji. Nyinyi mgeni mnampa kazi?"

"Usipotikisa, jina la msikiti wako litatoka kama limeandikwa kwa majivu."

Mzee alitikisa mpaka kibao kikawa tayari, na wakati anaondoka akauliza, kwa kujali kabisa, kesho nani atatikisa. Dada akamjibu, "Nipo." Hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila kitu. Bosi akiuliza sikukuu itakuwaje, nipo. Umeme ukikatika, nipo. Zamani nilikuwa nacheka nikimsikia. Siku hizi sicheki.

Mdogo wake wa kuzaliwa naye alipoolewa, dada aliaga, akapaka hina, akapanda gari. Alikuwa amefika Ruangwa mjini, anatafuta bodaboda ya kumpeleka Mbekenyera, bosi akampigia kwamba umeme umekatika na ile mota inayokoroga nyeupe imesimama. Akageuza. Alituingilia jioni na gauni lake la kwendea harusini, akakunja mikono, akaanza kukoroga tangi mwenyewe, hina inang'aa vidoleni. Nikamwambia, "Dada, si ungeniambia mimi nikoroge?" Akasema, "Ningekuambia. Halafu ningekuwa kwenye ngoma nafikiria matundu. Bora nimekuja." Hakuwa na hasira. Nadhani kuna sehemu yake ilifurahi kuitwa, na hiyo ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu mlango haukufungwa na bosi peke yake. Dada naye alishikilia komeo. Alipoanza kuumwa tumbo alisema ataenda hospitali Ijumaa, Alhamisi ya nyeupe ikishapita. Ijumaa ikaja na kazi nyingine. Sisemi wino ndio uliomuua, daktari hakusema hivyo na mimi si daktari. Nasema tu kwamba niliziona Ijumaa zikipita.

Tangu hapo nawaona watu wa namna hii kila ninapopita. Yuko fundi wa pampu ya maji ambaye akisafiri kijiji kizima kinarudi mtoni. Yuko nesi wa zahanati aliyeletwa kutoka mkoa wa mbali, mwaka wa ngapi hajamwona mama yake. Yuko mwalimu mmoja mwenye madarasa mawili na chaki moja. Tunawasifia kwamba bila wao mambo hayaendi, nao wanafurahi, halafu tunaondoka zetu. Hakuna anayekaa chini akauliza kwa nini mambo yasiende.

Mimi nilirithi kiti chake bila kuulizwa. Mota, mstari wa asubuhi, pazia, chupa. Nikaanza kuzoea giza. Siku moja mteja kaniuliza kama kesho tutafungua, mdomo wangu ukajibu wenyewe, "Nipo," kama dada vilevile. Arobaini ilikuwa inakaribia. Nikamwambia bosi safari hii lazima niende. Akasema, "Utamwombea hapahapa, Mungu anasikia. Nyeupe itakuwaje?" Nikamjibu kwamba mama wa stika nimeshamfundisha mstari. Akasema huyo hajazoea. Nikawaza: atazoea lini, kama hashikishwi?

Siku ya arobaini bosi alifika amevaa kanzu, gari linanguruma nje. Alinikuta nimekaa kwenye kiti cha wateja, na mimi nimevaa kanzu, begi liko miguuni.

"Shikamoo bosi."

"Marahaba. Umeshatikisa?"

"Bado." Nikasimama, nikamwekea chupa mkononi. "Tikisa kwanza."

Alicheka, akatikisa kidogo. Akaona sicheki. Mama wa stika alikuwa anaangalia mkasi wake. Bosi akageuza chupa, akairudisha, akaligeukia lile pazia. Mwisho akasema, "Mimi nilimzika. Wewe hukumzika. Nenda." Nikamwelekeza tangi linavyokorogwa umeme ukikatika, nikatoka kwenye jua.

Mbekenyera mama yake dada alinishika mikono miwili. Alikuwa anaijua ile mashine kama mke mwenza, aliisikia kwenye kila simu. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Na nyeupe mmemwachia nani?" Nikasema, "Bosi anatikisa." Alinitazama, kisha akamwita yule binti aliyeolewa kipindi kile: "Njoo usikie. Eti bosi anatikisa." Wakacheka wote wawili huku wanajifuta machozi kwa kanga. Nikapelekwa kaburini, nikasoma Fatiha yangu.

Niliporudi kazini nilichapa mstari. Ulikuwa na pengo dogo upande wa kushoto. Mama wa stika akasafisha mwenyewe, mimi nimesimama pembeni, mstari wa pili ukatoka mzima. Nikainama kuangalia dumu la uchafu. Kilichoingia hakikujaza hata kikombe cha kahawa. Nilikitazama sana, kwa sababu miaka yote ile dada hakuwahi kujiruhusu kuondoka hicho tu kikamwagwa na mwingine, na hakuna yeyote kati yetu aliyemwambia aondoke. Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, kama kuna kazi ambayo ni wewe tu unayeijua, usingoje usifiwe. Mwite mtu leo, umshikishe chupa. Akimwaga kidogo, acha amwage.