Maandishi ya Ami Twaha Pembeni mwa Shujaa

Jumamosi ile naikumbuka hadi harufu ya karatasi, mwanangu. Nilikuwa msichana, sijamaliza hata mwaka Texas, nakaa Arlington na kufanya kazi ya kutunza wagonjwa. Nilikuwa nimeendesha gari hadi Houston kumwona Ami Twaha, ndugu wa baba yangu, baharia wa Mombasa aliyeshuka kwenye bandari ile akiwa kijana na hakupanda meli tena.

Ami alikuwa na kitabu cha katuni cha zamani, cha shujaa mwenye joho na kinyago anayeruka angani. Alikinunua kikuukuu kwa muuza magazeti karibu na gati, na ndicho kilichomfundisha Kiingereza. Ndiyo maana hata uzeeni, mtu akimkatia njia barabarani, Ami aliteremsha kioo na kunguruma kwa Kiingereza cha kishujaa: "Simama, ewe mwovu!" Sisi abiria wake tuliinama chini kwa aibu.

Siku hiyo alikuwa akimsubiri mkusanyaji wa vitabu vya namna hiyo kutoka Dallas. Alitaka kukiuza aende Hija kabla magoti hayajamkatalia. Mimi nikashangaa: nani atatoa nauli ya Makka kwa gazeti la watoto?

Ngoja nikueleze, maana hata mimi nilichukua muda kuelewa. Vitabu hivi vilichapwa kwenye karatasi duni, visomwe kisha vitupwe. Watoto walivikunja mifukoni, mama zao wakavitia kwenye takataka. Vilivyosalia ni vichache, na lile toleo ambamo shujaa anatokea kwa mara ya kwanza ndilo linalotafutwa kuliko yote. Cha Ami kilikuwa hicho. Mkusanyaji hutazama kila kona: pini zina kutu? Jalada limepauka? Kuna mtu ameandika ndani?

Hapo penye kuandika ndipo jasho liliponitoka. Pembeni mwa kila picha kulikuwa na maneno ya Kiswahili kwa penseli, kwa herufi za Kiarabu, kama tulivyofundishwa utotoni chuoni, kwa mwalimu wa Kurani. Nikaona nimsaidie mzee. Nikachukua raba.

"We Zuhura! Wafanyani?" Ami alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai.

"Nakisafisha, Ami. Mnunuzi hatapenda kitabu kilichochorwachorwa."

"Ushamuuliza?"

"Bado."

"Weka chini hiyo raba. Umejuaje kuwa ni uchafu, na hata hujausoma?"

Mnunuzi alifika, bwana mnene mwenye sauti ya chini. Alinawa mikono jikoni kabla ya kukigusa kitabu, akaikausha kidole kwa kidole. Alipoiona raba mezani alishtuka, akaniuliza kama nimeitumia; nikamwambia Ami aliniwahi. Kisha akanieleza polepole kwamba penseli hupunguza thamani, ndiyo, lakini raba huchubua karatasi ya zamani na kuondoka na rangi yake, na mchubuko huo hauponi.

"Haya yanasema nini?" akamwuliza Ami.

Ami akavaa miwani, akasoma. Karibu na adui: jahili. Karibu na daraja linaloporomoka: Mola atustiri. Karibu na shujaa akipita mbele ya mwezi: Huyu hali chakula? Halali usingizi? Mamake yuko wapi?

Mnunuzi alicheka hadi akatoa leso. Lakini kwenye picha moja shujaa amesimama peke yake juu ya paa, anatazama taa za mji. Ami alisoma taratibu: "Hata huyu hana ndugu mji huu."

Nilikuwa nimemjua Ami maisha yangu yote kwa simu na barua zake, mcheshi wa familia, na sikuwahi kumwazia akiwa kijana mwenye upweke.

"Kingekuwa safi ningekulipa zaidi, sikudanganyi," mnunuzi akasema hatimaye. "Lakini visafi nimeviona. Kama hiki hakuna."

Bei ilishuka, na bado nauli ilitosha. Ami alikwenda Hija mwaka uliofuata, akarudi na tende na kikohozi.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Ukikuta alama usiyoielewa kwenye kitu cha mzee, usiharakishe kuifuta, kuifunika wala kuipaka rangi, hata kama nia yako ni njema kama ilivyokuwa yangu. Muulize kwanza. Kama yu hai ni simu moja tu, na wazee hupenda kuulizwa kuliko unavyodhani. Vya kale vina bei sokoni, na si vibaya kuijua bei hiyo, lakini kaa navyo uvisome kabla hujavipangia bei.

Mwenyezi Mungu akujaalie mikono mipole, na asikukoseshe mtu wa kukusomea yale usiyoyajua.