Mama Mkwe Aliyelalamika Hajauawa

Mwanamke mpole kuliko wote mtaani kwao ndiye aliyekuwa ameua watu wengi kuliko wote. Aliwanyonga, aliwazamisha, aliwasukuma kutoka darini, na hakimu mmoja mstaafu alimfungia ndani ya friji ya samaki pamoja na jogoo aliye hai. Akishamaliza, huweka kalamu chini, hujinyoosha mgongo, kisha huenda kupiga pasi mashati ya watu.

Alikuwa dobi. Yeye na mumewe walikuwa na duka la chumba kimoja kirefu: mbele kaunta, katikati meza ya pasi, nyuma ua wenye karo na kamba za nguo. Mume alifua, mke alinyoosha. Asubuhi kabla wateja hawajaanza kubisha, na mchana nguo zikiwa bado mbichi kambani, aliandika palepale kwenye meza ya pasi. Hivyo ndivyo vilivyozaliwa *Jeneza Lenye Funguo Mbili*, *Anayepumua Ukutani* na vitabu vingine vingi vya mizuka na mauaji, vyenye majalada mekundu na mkono unaochomoza mahali usipotakiwa kuchomoza. Kila mwaka kitabu, na mwaka wa neema viwili au vitatu, kama mbuzi mwenye uzazi mwema. Watu wakamwita Mama Maiti, naye akaitika bila kinyongo, maana jina la mtaani ni kama mvua, hulikwepi kwa kukunja uso.

Wahusika wake aliwatoa kwenye nguo. Ukileta suruali yenye matope magotini, hakuulizi kitu. Lakini mwezi ujao kuna mtu kitabuni amepiga magoti shambani anafukia sanduku. Wateja walilijua hilo. Karani mmoja wa benki alizoea kuleta mashati yake yakiwa meupe kama maziwa.

"Ni pasi tu, mama," alikuwa akisema huku jasho linamtoka. "Nimeshayafua. Mara mbili."

Mumewe alikuwa na kifua kama mlango wa ghala na moyo wa kifaranga. Vitabu vya mkewe hakuvisoma hata kimoja. Kwenye rafu alivigeuza majalada yakatazama ukuta, na akipita karibu navyo alipiga mluzi.

Aliyekuwa na moyo nyumbani humo ni mama yake, kikongwe mwembamba mwenye fimbo na macho yaliyoingia ukungu, lakini ulimi ungali mpya. Zamani, wakati wa ubichi wa ndoa, mume alipolalamika kwamba hawezi kulala kitanda kimoja na mtu anayefikiria visu, mama huyo ndiye aliyeyakata maneno.

"Mwache aandike," alimwambia mwanawe. "Anayemwaga hasira kwenye karatasi hamwagi kwenye chakula chako."

Mama Maiti hakuyasahau maneno hayo.

Sasa, kisa chenyewe kilianza na muuza nyama wa kona. Katika kitabu kimoja Mama Maiti alimtundika kwenye kulabu yake mwenyewe, kati ya mapaja mawili ya ng'ombe. Kitabu kilipotoka, mume alifunga mlango wa duka kwa komeo na kiti juu yake, akingoja muuza nyama aje na shoka. Muuza nyama alikuja kweli, lakini mikono mitupu, na uso umemetameta kwa furaha. Alitaka nakala za kuwapa ndugu zake. Jalada moja alilibandika juu ya mizani, na haikupita wiki bucha lilikuwa na jina jipya. "Nenda kwa Marehemu," watu walitumana, "nyama ya Marehemu ni laini."

Basi ikawa kama mlango wa zizi umeachwa wazi. Kinyozi akaja kuomba auawe. Mwalimu wa hesabu akaja kuomba auawe, ila kwa haraka, kwa sababu ana presha. Mama Maiti akawaua wote, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyekufa alitembea mtaani kifua mbele.

Siku moja mchana aligundua kwamba mama mkwe amenuna. Kikongwe alikuwa amekaa kwenye kiti chake kando ya meza ya pasi, anachambua maharage, na kila punje ilianguka kwenye sufuria kama imetupiwa adui.

"Mama, kuna nini?"

"Hakuna."

"Nimekukosea?"

"Mimi ni nani hata nikosewe?" Punje mbili zikaanguka kwa kishindo. "Umemwua muuza nyama. Umemwua kinyozi. Hata yule mwalimu, mtu wa kuja, hana miaka miwili mtaani, umemwua na sura nzima umempa. Mimi nimekaa nawe nyumba moja tangu uje na sanduku lako la bati, sijafa hata mara moja."

Mama Maiti alibaki na pasi hewani.

"Nilidhani utaona vibaya, mama."

"Ninachoona vibaya ni huku kurukwa. Majirani wananiuliza."

Kumkatalia mkubwa si adabu, basi akaahidi. Lakini ahadi ni deni, na deni hili lilimtoa jasho. Mteule mwenyewe alikuwa amekaa hatua chache kutoka kwenye kalamu, na alikuwa na masharti.

"Nisianguke ngazini. Hicho ni kifo cha walevi."

"Sawa, mama."

"Nitakuwa nimevaa nini?"

"Gauni la kulalia, kwa sababu ni..."

"Hapana. Nitavaa la kijani, lenye kola. Na atakayenikuta asiwe jirani wa kushoto. Yule ataanza kupekua kabati langu kabla hajapiga ukunga."

Masharti hayakuwa tatizo. Tatizo lilikuwa mkono. Mama Maiti, aliyemfungia hakimu na jogoo bila kupepesa, kila alipofika mahali pa kumuua mama mkwe wake aliona mkono unakufa ganzi. Akimtilia sumu, daktari alitokea nyumba ya pili. Akimziba pumzi kwa mto, mto ulikuwa na tundu. Siku aliyojilazimisha kuandika sentensi yenyewe, machozi yalimtoka, akasimama akiikodolea karatasi, na pasi ikakaa juu ya shati la karani wa benki mpaka moshi ukapanda. Shati lilibaki na tundu lenye umbo la pasi mgongoni, safi kama muhuri.

Karani alipoliona aliinua shati juu, akatazamana na Mama Maiti kupitia lile tundu.

"Nimesamehe," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini na mimi uniue. Vizuri."

Siku hiyo Mama Maiti alizima pasi mapema akakaa uani katikati ya mashuka. Kutoka ndani alimsikia mama mkwe akimwuliza mwanawe nani ameacha dirisha wazi, nani amemaliza sukari, na kwa nini anavuta miguu kama mtu anayeburuta gunia. Alicheka peke yake. Mtu huyu, aliwaza, hata akifa hawezi kunyamaza. Akaingia ndani akachukua kalamu na kuandika: *Bibi alikufa Jumanne asubuhi, na mchana wa Jumanne hiyohiyo alirudi kuuliza nani ameacha jiko likiwaka.*

Kuanzia hapo mkono ulikimbia. Mzuka wa Bibi, gauni la kijani na kola, ulitoka kwenda kumsaka muuaji wake mwenyewe. Haukuwa na makucha wala macho ya moto. Uliingia tu katika nyumba za washukiwa, ukafungua makabati, ukapitisha kidole juu ya vumbi, ukauliza maswali mpaka watu wakakiri makosa ambayo hata polisi hawakuyauliza. Karani mmoja wa benki alikufa katikati ya kitabu, kwa heshima zote. Mwishoni ilibidi muuaji apatikane. Mama Maiti aliinua macho kutafuta sura, na mumewe akapita mbele yake na ndoo ya mashuka, akiimba kwa sauti ya kukwaruza. Akamwandika.

Kitabu kilipochapwa, macho ya mama mkwe hayakuweza kukisoma. Akampa mwanawe.

"Soma."

"Mama, unajua mimi na vitu hivi..."

"Nimekufa mimi, wewe unaogopa nini? Soma."

Alisoma dukani kila alasiri, jalada amelifunika kwa gazeti. Siku za mwanzo aliruka mistari, na mama yake akimgonga goti kwa fimbo alirudi nyuma akaisoma. Wateja waliokuja kuchukua nguo walibaki kusikiliza. Polepole woga ukampungua. Ilipofika sura ya tano alikuwa anauigiza mzuka kwa sauti ya mama yake barabara, na watu walicheka hadi kushika kaunta. Mama Maiti, huku nyuma, aliipiga pasi taulo moja mara nne. Alijua kinachokuja.

"'Basi Bibi akainua kidole,'" mume alisoma siku ya mwisho, duka limejaa. "'Akasema: muuaji wangu ni huyu hapa. Ni mwanangu wa kumzaa, huyu pande la mtu asiyejua kuimba...'" Akaisoma tena kimoyomoyo, midomo ikitikisika. "Muuaji ni mimi?"

"Endelea," alisema mama yake.

"Mama, nimekuua!"

"Nimesikia. Kwa nini?"

Akasoma kwa sauti ndogo kwamba mwana alichoshwa na mama yake kuwahadithia wageni wote jinsi alivyokimbizwa na bata utotoni.

"Lakini si kweli ulikimbizwa na bata?" mama aliuliza.

"Mama!"

"Bata mmoja tu," kikongwe aliwaeleza wateja. "Tena alikuwa anachechemea."

Mume alinuna siku mbili. Alipotaka chumvi alimwomba mama yake amwambie "yule mwandishi". Lakini siku ya tatu alirudi kutoka sokoni na uso mwingine kabisa.

"Kuna mwanamke kanitambua," alimwambia mkewe. "Alivuka barabara akanikimbia. Mimi!" Akajitazama kwenye kioo cha mlango, akajaribu kukunja nyusi. "Hivi, kitabu kijacho siwezi kutoroka jela?"

"Unaweza, baba watoto."

"Na nisisahau kumpitia yule bata."

Mchapishaji, aliyezoea kupiga simu tu, alifunga safari mwenyewe. Wasomaji walikuwa wanautaka mzuka urudi. Alikaribishwa kiti cha mbele, na mama mkwe, aliyeona ni wajibu wake, alimletea kikombe cha chai. Mgeni aliitazama ile chai. Akamtazama mwenye kuileta, akamtazama mwenye kuandika, akamtazama muuaji aliyekuwa anakamua blanketi uani.

"Asante, mama, nimetoka kunywa sasa hivi," alisema.

"Haya." Kikongwe akaketi, akainywa mwenyewe mpaka tone la mwisho, akafuta mdomo. "Sasa tuzungumze. Safari hii nataka kuvaa bluu."