Duka la Nangara Lisilofungwa

Vifurushi thelathini na moja vilikaa dukani siku nane, mlango wazi, wenyewe wanaishi hatua chache tu. Hakuna hata mmoja aliyekuja kuchukua.

Siyo kwamba hawakuvitaka. Walinipigia simu kutwa.

"Dada, mzigo wangu uko wapi?"

"Uko hapo hapo Nangara, kwa Theodori. Nenda kachukue."

Halafu: "Aa, basi nitaufuata mjini."

Wote jibu moja, utadhani wamekaa kikao.

Naitwa Vailet. Nilikuwa na mkataba wa miezi mitatu na kampuni ya vifurushi yenye makao Arusha. Kazi yangu ilikuwa kutafuta maduka hapa Babati ya kupokea mizigo ikishuka kwenye basi, ili mtu achukue karibu na kwake badala ya kupanda bajaji hadi stendi. Mtaa wa Nangara ulikuwa wa majaribio. Bosi wangu, kaka Salimu, alishasema: visipochukuliwa ndani ya siku kumi vinarudi Arusha, na mimi mkataba basi.

Zilibaki siku mbili. Nilikuwa nashika simu, naiweka, naishika tena.

Ngoja niwaambie duka lilivyopatikana, maana hapo ndipo nilipojikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe.

Sikutaka kuchagua kwa macho. Ukichagua kwa macho, kesho utaambiwa umempa shangazi yako. Kwa hiyo nikatengeneza chujio kwenye kompyuta. Niliandikisha maduka arobaini na saba, nikaweka masharti, mashine ikawa inachuja yenyewe.

Duka liko mbali na barabara? Nje. Halina sehemu kavu ya kuweka mizigo? Nje.

Halafu sharti nililolipenda kuliko yote. Mara tatu kwa siku mfumo ulimtumia mwenye duka ujumbe: "Kama duka liko wazi, jibu 1." Jibu lolote lisilo 1, hata ukimya, lilihesabika kwamba umefunga. Ukifikisha mara tatu, jina linaondoka lenyewe, mimi nimekaa zangu nakunywa chai.

Baada ya wiki tatu, Nangara likabaki duka moja. Theodori. Ameulizwa mara sitini na tatu, amejibu 1 mara sitini na tatu.

Nikajiona kichwa.

Sasa siku hiyo ya nane nikapanda bodaboda mbio mbio hadi Nangara. Theodori ni baba wa miaka hamsini hivi, mpole, shati limenyooshwa vizuri. Vifurushi alikuwa amevipanga kwa herufi za majina na kuvifunika kitambaa visishike vumbi. Kilichoondoka ni kimoja tu, chake mwenyewe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, binti. Hawajaja."

"Umewakosea nini?"

Akaangalia chini. "Mimi nipo tu hapa. Sitoki."

Nikavuka barabara kwa Mama Fabiola, fundi cherehani. Chujio langu lilimtoa wiki ya pili. Kifurushi chake cha nyuzi kilikuwa kati ya vile thelathini na moja.

"Mama Fabiola, kwa nini hamwendi kwa Theodori?"

"Nani kasema hatwendi?" Mguu haukuacha kukanyaga.

"Mama, nakuomba. Nitapoteza kazi."

Cherehani ikasimama. "Wewe ni wa wapi?"

"Singe, hapa hapa Babati."

"Na huko Singe hamzikani?"

Akageuza kiti, akanitazama usoni.

"Alipofariki mzee Yoakimu, mtaa mzima ulifunga. Huyu akafungua. Paskasi alipofiwa na mtoto, huyu akafungua. Mwaka na nusu, misiba sita, hajachota hata ndoo moja ya maji, hajakaa chini ya turubai hata dakika kumi. Mke kamkimbia na bado hajifunzi. Basi tukakaa kikao. Mtu asiyezika hatununui kwake, hatumsalimii, na siku yake atajizika mwenyewe."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tulikuambia. Uliniuliza kama niko wazi, nikakujibu."

Nikatoa simu, nikafungua majibu ya maduka yaliyochujwa. Kwa mara ya kwanza nikayasoma.

"Tuko msibani dada."

"Leo tunazika njoo kesho."

"Tumefiwa mtaani hapa hakuna duka."

Mashine ilikuwa inatafuta 1, haikuwa na habari na maneno. Na mimi niliiachia. Nimekulia Singe, najua tangu utoto kwamba mtu akifa mtaani milango yote inafungwa. Ila mbele ya kompyuta nilisahau kama vile nimezaliwa kwingine. Nilitafuta mtu asiyefunga duka, nikampata yule yule ambaye mtaa umemtenga kwa kutofunga.

Aibu ile niliigeuza hasira, na hasira nikaipeleka kwa Theodori.

"Baba, nahamisha mizigo," nikasema kwa sauti ya juu. "Huwezi kukaa na watu usiowazika. Wamekutenga na wewe unajua, na hukusema. Kazi yangu inakufa kwa sababu yako."

Hakubisha. Alianza kunisaidia kubeba. Hilo liliniumiza kuliko kama angenitukana.

Mara kikombe kikaanguka nyuma ya pazia. Theodori akaweka mzigo chini, akakimbia. Pazia likabaki nusu wazi, nikaona.

Kitandani alilala mwanamke, upande mmoja wa mwili haufanyi kazi, mdomo umepinda. Pembeni yake boksi la nepi za watu wazima. Hicho ndicho kifurushi pekee kilichochukuliwa.

"Mke wangu, Benadetha," alisema akimfuta kifuani. "Presha ilimwangusha, mwaka na nusu sasa. Nikitoka dakika kumi anaweza kupaliwa."

"Kwa nini usiwaambie watu?"

"Alikuwa mwalimu wa kwaya. Hakutaka wamwone hivi. Nilimwapia."

Benadetha alinyanyua mkono wake mzima. Alitoa maneno polepole, moja moja.

"Nimesikia. Hukuniambia… wamekutenga."

Theodori akageukia ukutani. Kumbe na yeye alikuwa na lake la kuficha. Mwaka na nusu anamwambia mkewe kwamba majirani wanamsalimia.

"Binti," Benadetha akasema. "Mwite… yule fundi."

Mama Fabiola aliingia uso umefungwa. Mimi nilibaki nje, nakwenda narudi, nahesabu vifurushi ambavyo hesabu yake naijua.

Alitoka baada ya nusu saa, mikono ya gauni imekunjwa, macho mekundu.

"Na sisi tulisema amekimbiwa," alisema. Akakaa kwenye ngazi. "Nyumba njema si mlango. Tulikuwa tunautazama mlango tu."

Kisha akachukua nyuzi zake, akaweka sahihi, akaanza kupiga simu nyumba kwa nyumba. Kesho yake saa sita mchana hakikubaki kifurushi hata kimoja, na wengine walikuja na maziwa ya mgonjwa. Salimu akaniongezea mkataba.

Hapo nilidhani yameisha.

Mwezi uliofuata Nangara ilifiwa. Siku ya kuzika, Fabiola, binti wa fundi, alikaa na Benadetha tangu asubuhi. Theodori akafunga duka kwa mara ya kwanza, akashika koleo, akachimba kaburi na wenzake. Mara hii hata mimi nilikuwepo, nimekaa chini ya turubai na kina mama.

Jioni simu yangu ikatetemeka. Chujio. Nilikuwa nimesahau kulizima.

"Theodori, Nangara: hakujibu mara tatu. Ameondolewa kwenye orodha."

Nilicheka peke yangu, halafu machozi yakanitoka, na mama aliyekuwa pembeni akanipa pole akidhani namlilia marehemu.

Sharti lile nililifuta pale pale. Sasa hivi majibu yenye maneno nayasoma mwenyewe, moja moja. Na duka likijibu 1 siku zote bila kukosa, siliamini hivi hivi. Navaa viatu, nakwenda kupiga hodi.

Wewe unayesoma hapa, mtaani kwako yupo mmoja mliyemchuja zamani. Nenda kapige hodi kwake kabla hamjafunga maduka kwa ajili yake.