TV Haizai

Watu wa Katesh wakikuambia Bonaventura alikuwa mjinga, waambie waje kwangu. Mimi Zita nilikuwa na genge la nyanya na vitunguu, mlango wa pili kutoka kibanda chake cha gemu, na niliona yote. Bona hakuwa mjinga. Alimwamini mtu, basi.

Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga miaka ile, na kila mwenye chumba cha mbele alikuwa anafungua biashara. Julius, mtoto wa Mzee Tluway wa Endasak, alirudi kutoka Arusha na TV moja ya chogo, zile zenye mgongo mnene, na mashine ya gemu. Yeye mwenyewe hakutaka kukaa nazo. Akamwita Bona, rafiki yake tangu wakichunga pamoja, akamwambia mbele ya baba yake, "Nakuwekea hizi kama ng'ombe."

Kwetu maneno hayo hayahitaji maelezo. Mwenye mifugo anampa mwenzake ng'ombe amtunze. Maziwa ni ya mtunzaji, samadi ni yake, ila ng'ombe anabaki wa mwenyewe. Akizaa, iko siku mtunzaji naye anapewa ndama wake. Hakuna anayeandika chochote, shahidi ni mzazi. Mzee Tluway alisema sawa, wakanywa pombe aliyoipika mama Helena, mke wake, wakaagana vizuri. Maziwa ya Bona yakawa kile walicholipa wachezaji. Ndama wake angekuwa skrini ya pili, yake mwenyewe, ambayo Julius aliahidi kuileta kibanda kikichangamka.

Kikachangamka, tena sana, na sababu ilikuwa picha. TV ilifika imechoka. Nyasi za uwanja zilikuwa za bluu, na sura za wachezaji nyekundu utadhani wana homa. Mtu mwingine angeizoea hivyohivyo. Bona alikwenda shambani akachuma jani la maharage, akalibandika kwenye kioo kwa mate, akabonyeza rimoti mpaka nyasi zikakubaliana na jani. Weupe aliupima kwa punje ya mahindi aliyokaa nayo mfuko wa shati. Kwa ngozi za watu aliweka mkono wake mwenyewe pembeni ya mkono wa mchezaji. Nilimcheka mpaka nikashika mbavu, lakini nilipotazama ile picha nikanyamaza. Vijana walikuwa wanatoka mpaka Masakta kuja kucheza kwa Bona.

Kila TV ilipoanza kufifia, aliitafutia rangi upya. Kila Julius alipopita na Bona kumuuliza habari za ndama, Julius alimpiga begani na kusema, "Yuko tumboni, ndugu yangu, vumilia."

Halafu siku moja Julius akaja na boksi. Ndani yake kulikuwa na skrini nyembamba, pana, ya kuchezea gemu tu, ambayo Katesh hatukuwa tumeiona. Bona alipoiona alinigeukia na macho yake yalikuwa yamejaa maji. Julius akamwambia, "Irekebishe rangi, Bona. Naiamini mikono yako."

Alishinda juu ya ile skrini mchana mzima. Ilikuja na rangi kali za dukani, zile za kumvutia mnunuzi, na kila mchezaji alikuwa na mstari mweupe kumzunguka. Bona akapunguza ukali wa picha mpaka mstari ukapotea. Weusi ulikuwa umemeza kila kitu, viatu na kivuli huvitofautishi, akaupandisha mwangaza taratibu mpaka viatu vikaonekana na weusi ukabaki mweusi. Mwisho akatoa jani lake, akatoa punje yake. Aliimba huku anafanya kazi. Nilimpelekea chai akasahau kuinywa.

Alipomaliza, Julius alitazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akachomoa waya.

"Unaipeleka wapi?" Bona akauliza.

"Ukumbini kwangu. Nimepanga pale karibu na stendi, nafungua kesho."

"Na ndama wangu?"

Julius alicheka. Kicheko kile mpaka leo nikikikumbuka damu inanichemka. "Bona, acha ushamba," akasema. "TV haizai."

Wachezaji walihama wote. Sitawalaumu, picha ilikuwa nzuri. Siku moja Bona alisimama mlangoni pa ule ukumbi, akatazama bila kuingia, akarudi gengeni kwangu akakaa juu ya gunia la vitunguu. "Dada Zita," akasema, "zile nyasi ni zangu." Mtu akikuibia unapiga kelele, lakini Julius alikuwa ametengenezewa kisu, akashukuru, akamchoma nacho aliyekitengeneza.

Bona akaamua kurudisha TV kwa mzazi, maana ndiye shahidi. Aliifuta vumbi lote, akairekebisha picha kwa mara ya mwisho, kwa sababu ng'ombe wa watu anarudishwa ameshiba. Akaazima pikipiki, mimi nikakaa nyuma nimeikumbatia TV ndani ya kitenge, mpaka Endasak.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Mzee Tluway hakutukaribisha kukaa.

"Mzee, ulikuwepo siku tulipopatana. Julius alisema kama ng'ombe."

Mzee alikohoa. "Siku ile tulikunywa, kijana wangu. Mambo ya ng'ombe siyakumbuki."

Nilimwona Bona akiinama taratibu kuweka TV chini, nikajua usaliti huu wa pili ndio umemuumiza zaidi. Kwa Julius alikuwa amebakiza hasira. Hapa hakubaki na kitu.

Mama Helena akatokea jikoni, mikono ina unga. Alipoiona TV akafurahi kweli, hakuna mtu aliyekuwa amemweleza lolote.

"Ohoo! Ng'ombe wa Julius amerudi! Na amependeza, umemtunza, mwanangu. Alizaa?"

Bona akajibu, "Alizaa, mama."

"Jike?"

"Jike."

"Mungu ni mkubwa! Umempa jina gani?"

Bona akatoa ile punje ya mahindi mfukoni, akaiweka juu ya TV. "Hana jina, mama. Walimchukua siku ileile."

Mama Helena aliacha kujifuta unga. Alimtazama Bona, akanitazama mimi, kisha akamgeukia mume wake, ambaye alikuwa anaangalia buti zake.

"Baba Julius," akauliza, "nani kamchukua ndama wa huyu mtoto?"