Aliyekataa Kuchagua Kivinjari

Habari ya kifo chake ilinikuta Jumatatu asubuhi kwenye foleni ya mkate, kupitia kundi la simu la Waswahili wa Yeoville na Berea, mitaa ya wahamiaji huku kusini mwa Afrika. Ujumbe haukuwa na maneno mengi: alama ya msalaba, jina lake, na kiungo cha kubonyeza ili kusoma ratiba ya mazishi. Nikabonyeza. Badala ya ratiba, simu ikaniuliza nataka kuufungua ukurasa huo kwa kivinjari kipi, ikanipangia vitatu mbele ya macho, kila kimoja kimevaa rangi zake kama wagombea ubunge. Nikaangua kicheko palepale huku machozi yakinitoka, hata mama aliyekuwa mbele yangu akageuka kuniuliza kama niko salama. Ningemwelezaje? Marehemu alikuwa mtu pekee niliyewahi kumjua aliyelipa swali hilo uzito linaostahili, na sasa swali lenyewe lilikuwa limesimama mlangoni pa msiba wake likidai jibu kabla sijaruhusiwa kulia.

Alikuwa mtu wa Bukavu, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja na sauti ya besi iliyogombaniwa na kwaya za kanisa lake. Duka lake la intaneti lilikuwa chumba kimoja pale Yeoville, katikati ya saluni ya kusukia na fundi cherehani, na ndani yake kompyuta sita zilizozeeka kwa heshima. Katika kila kompyuta aliweka vivinjari vinne. Wengi wetu hatujui hata kama kuna zaidi ya kimoja. Tunabonyeza kile tulichokikuta, tunaingia mtandaoni, basi. Yeye alivijua kama mtu anavyowajua majirani wa ukuta mmoja, akavipa majina ya kanisani. Kile kikubwa kinachotumiwa na kila mtu alikiita Mchungaji. Kile kikongwe, kizito kuamka lakini kisichosahau kitu, alikiita Shemasi. Cha tatu, chenye kelele za video na matangazo, kilikuwa Kwaya, na cha nne, kilichozaliwa juzi na kuahidi makubwa, kilikuwa Mwongofu. Ukiingia dukani mara ya kwanza ungedhani umefika ibadani. "Kwa Mchungaji imekataa? Pita kwa Shemasi, mama! Hapana ogopa, Shemasi anakupokea!"

Haikuwa mzaha mtupu. Makampuni makubwa ya teknolojia yanapigana vita isiyoisha juu ya kile kidirisha tunachotumia kuchungulia dunia, kwa sababu anayemiliki dirisha ndiye anayeamua utaona nini kwanza, na ndiye anayejua umechungulia wapi. Kila kompyuta mpya huja na kivinjari cha kampuni iliyotengeneza mfumo wake, kimekaa mbele kama mtoto wa mwenye nyumba. Kila kivinjari kingine hubisha hodi na kuomba kifanywe cha kwanza. Siku hizi vimeanza hata kujibu maswali na kuahidi kutujazia fomu, ilhali vingi, ukivivua koti, chini ni mashine ileile moja. Haya yote nimeyajua kutoka kwake, kwa vipande, huku akipangusa kibodi kwa brashi ya rangi ya kucha aliyopewa na wasusi wa jirani. Siku moja nikamrushia ile methali ya tembo wakipigana nyasi ndizo zinazoumia. Akanitazama juu ya miwani. "Kaka mwandishi, nani amekwambia sisi ni majani? Sisi ni panya. Tembo wakipigana, panya anapita katikati ya miguu, anakwenda kula."

Sasa niungame. Miaka miwili iliyopita nilikuwa nikienda dukani kwake karibu kila siku kuandika riwaya yangu, kwa kuwa chumba nilichopanga Berea kilikuwa na wenzangu watatu na redio mbili. Wakati wa maombi ya shule, duka lake lilijaa watu hadi mlangoni, nami nikawa namsaidia. Wazazi wa hapa wanaijua siku ya kwanza ya maombi: mfumo wa kuombea nafasi mtandaoni hufunguliwa asubuhi, na kila mtu anaamini, sawa au si sawa, kwamba atakayechelewa atapangiwa shule ya mbali. Msusi mmoja wa saluni ya jirani alikuwa na binti anayeingia gredi ya nane. Kaka yake binti huyo alikuwa amekwisha kupangiwa shule inayohitaji teksi mbili kwenda na mbili kurudi, akitoka nyumbani kabla ya jua. Mama alikuwa ameapa kwamba huyu wa pili atakwenda kwa miguu, kwenye shule iliyo nyuma ya robot ya pili, kama hapa wanavyoziita taa za barabarani. Jioni ya siku iliyotangulia, yeye na marehemu walikaa saa nzima wakijaza kila kitu: karatasi za ukimbizi, uthibitisho wa makazi, ripoti za darasa la saba. Wakaiacha fomu imehifadhiwa, imebaki kutumwa tu.

Asubuhi nilifika mimi kwanza, nikawasha kompyuta. Ilikuwa imejisasisha usiku, na kabla haijafunguka vizuri ikaniletea kidirisha kizuri chenye adabu: je, ningependa kukifanya kivinjari fulani kuwa cha kwanza? Mimi nimelelewa Tanga. Nimefundishwa kwamba mtu akisema hodi, unasema karibu, halafu ndipo unapouliza ni nani. Nikabonyeza ndiyo. Saa mbili ikafika, mama akaketi, binti amesimama nyuma ya kiti akiwa na sare ya shule yake ya msingi. Nikabonyeza kiungo kilichokuwa kwenye barua pepe yake. Fomu ikafunguka, nyeupe kabisa. Hakuna jina la mtoto wala la mama, hakuna makazi, hakuna ripoti.

"Wamemufuta," mama akasema polepole. Kisha kwa sauti: "Wamemufuta mutoto wangu!"

"Eish, mama," binti akasema, akiona aibu mbele za watu, "tulia."

"Nitulie wapi? Weye utapanda teksi mbili, halafu uniambie nitulie!"

Nilijaribu kujaza upya, nikakosea tarehe ya kuzaliwa, nikarudi, ukurasa ukaganda. Watu nyuma yetu wakaanza kutoa ushauri, ushauri wa aina ile inayotolewa na watu ambao zamu yao inachelewa. Marehemu akaja, mkononi mandazi yaliyoumwa nusu. Hakuitazama fomu kwanza. Alitazama pembe ya juu ya kioo, akaguna.

"Kaka mwandishi, asubuhi ya leo kuna mutu alikuuliza kitu?"

"Iliniuliza kama kiwe cha kwanza."

"Na weye?"

"Nikasema ndiyo. Iliuliza kwa adabu."

Alicheka hadi mandazi yakamkwama, fundi cherehani akaja mbio kumpiga mgongoni. Alipopata pumzi akainama kwa yule msusi. "Maman, sikia. Mutoto hajafutwa. Jana tulimuacha kwa Shemasi. Huyu mwandishi ametupeleka kubisha kwa Mwongofu, na Mwongofu hamujui mutoto wako, ni mugeni tu." Akakifungua kivinjari kile kikongwe. Kikasuasua, kikasuasua, sisi sote tukakikodolea macho, mpaka fomu ikatokea imejaa, na jina la binti juu yake. Mama akabonyeza kutuma kwa kidole chake mwenyewe. Alikataa mtu mwingine asiguse. Kisha marehemu akanigeukia, akasema jambo ambalo nimelirudia mara nyingi kuliko sentensi yoyote niliyowahi kuiandika: "Kuna anayepiga hodi akutembelee, na kuna anayepiga hodi ahamie. Wote wanatumia sauti moja. Kabla ya karibu, uliza amebeba nini."

Binti alipata nafasi. Anakwenda kwa miguu, dakika kumi na mbili, na anachelewa kama watoto wote wanaokaa karibu na shule.

Msibani, katika ghorofa ya nne ya jengo moja la Berea, nilitarajia huzuni nikakuta vicheko vinavyotiririka hadi kwenye ngazi. Kila aliyeingia alikuwa na kisa cha kivinjari. Mlinzi mmoja alipata cheti chake cha kazi kwa Kwaya. Bibi mmoja Mrundi alimwona mjukuu wake wa Kanada mara ya kwanza kwa Mchungaji, na mpaka sasa hataki kutumia kingine. Nikawaza jinsi tunavyoambiwa kwamba ushindani wa wakubwa ndio unaotupa sisi wadogo uhuru wa kuchagua. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Vidirisha vinne vingeweza kuwekwa bure kwenye kila kompyuta ya mji huu na yeyote aliyevitaka, na havikumsaidia mtu mpaka alipopatikana mmoja aliyejitaabisha kujua kipi kinafaa nini, kisha akakaa karibu na watu wenye shida. Kazi hiyo haina cheo. Hakuna kampuni itakayomwekea sanamu mtu ambaye haikuweza kumfanya wake.

Wakati wa chai yule msusi alikuja akaketi karibu nami. Ana kitinda mimba, anaingia gredi ya kwanza mwakani. Hakulia. Alinishika mkono tu, akauliza, "Sasa nani atatujazia?"

Nilitazama huku na huku nikimtafuta mtu wa kumjibu, kama unavyofanya mwalimu akiuliza swali gumu. Kisha nikaelewa kwamba kumwombolezea mtu wa namna ile kwa maneno mazuri ni kumkwepa. Heshima yake ni mmoja wetu kuishika kazi aliyoiacha, hata kwa mikono inayokosea tarehe. Nikamwambia aje pale dukani Jumamosi, saa tatu, na karatasi zake zote, na mtoto pia, nimwone uso.