Samaki wa Homa

Bwawa lile nililichimba mwenyewe, nyuma ya nyumba aliyotuachia baba kule Temeke, miaka ile redio ilipokuwa ikituhimiza kujitegemea asubuhi mpaka jioni. Majirani walicheka mpaka wakachoka. Msichana mzima, kasomeshwa chuo cha samaki, anachimba shimo kama anazika ng'ombe! Nikawaacha wacheke. Kama kujitegemea hakukuwa kule, basi sijui kulikuwa wapi.

Perege wangu walipoanza kuzaa, mwalimu wangu wa chuoni alinipa vichupa vya dawa ya majaribio, iliyotokana na tezi ya ng'ombe, ile ndogo iliyo chini ya ubongo. Kazi yake ni kukuza. Nikaligawa bwawa kwa wavu: upande huu vifaranga wa kuchomwa sindano, upande ule wa kuachwa kama Mungu alivyowaumba. Kila Jumamosi nilikaa ukingoni na karai la maji. Namshika kifaranga kwa kitambaa kilicholowa, namchoma mgongoni karibu na pezi, namrudisha kwa wenzake.

Jirani yangu wa ubavuni, mama mmoja aliyeuza mihogo ya kukaanga, alichungulia juu ya ua wa makuti.

"We dada, unawachoma nini hao?"

"Homoni," nikamjibu.

Wapo wanaoniambia hadi leo kwamba ningesema dawa tu, yaishe. Kwa nini? Kitu kina jina lake. Yeye alisikia homa. Kufika jioni mtaa mzima ulishajua kwamba nawachoma samaki homa, halafu nikawauze Buguruni.

Wiki hiyohiyo mwanawe akaugua malaria. Basi, nikawa nimekwisha. Nusu ya watoto wa Temeke walikuwa wanaugua malaria mvua zile, na perege wangu walishinda wakila viluwiluwi vya mbu, lakini nani alitaka kusikia? Na hakuna aliyekuwa ameonja hata mkia wa samaki wangu.

Balozi wa nyumba kumi akaitisha kikao. Alikuwa mzee mpole, mwenye kanzu safi na maneno machache. Nilieleza habari ya tezi, nikaeleza ukuaji, na kila nilipotamka homoni wanawake walivuta kanga puani. Ikaamuliwa bwawa lifukiwe kesho yake, kwa kazi ya kujitolea. Nilirudi nyumbani masikio yanawaka kwa hasira. Vifaranga wa sindano walikuwa wameanza kuwapita wenzao, au pengine macho yangu ndiyo yaliyotaka iwe hivyo. Nilihitaji miezi mingine ili nijue kweli, nao walitaka kulifukia jibu kabla sijalipata.

Asubuhi wakaja vijana na majembe, balozi mbele, mama wa mihogo nyuma yao. Nikafunga kanga vizuri, nikaingia bwawani mpaka maji yakanifika kifuani.

"Shikamoo, mzee," nikasema humohumo majini. Ugomvi haukuniondolea adabu.

"Marahaba."

"Fukieni. Mie sitoki."

Hakuna aliyeinua jembe. Mvua ikaanza kunyesha, wao wamesimama ukingoni, mimi nimesimama majini, vifaranga wananigusagusa magoti. Baridi iliniingia, meno yakaanza kugongana, nikayauma yasisikike. Balozi alinitazama, mwishowe akaniita kwa sauti ya mzazi.

"Toka humo, mwanangu. Utapata homa."

Kijana mmoja akaangua kicheko. Mwenzake naye. Hata mama wa mihogo alijifunika mdomo. Mimi sikucheka, nilikuwa na hasira bado.

"Homa ipi, mzee? Ya mvua, au hii yangu ya kwenye chupa?"

"Ya mvua," akajibu upesi.

"Kumbe tofauti mnaijua."

Akatazama chini, akawaambia vijana waende nyumbani, wanalowa bure. Nilibaki majini mpaka jembe la mwisho likapotea nyuma ya ua, ndipo nikatoka. Nililala siku mbili na blanketi, na sikumwambia mtu.

Jumamosi nikakaa tena ukingoni na karai langu. Nikasikia makuti yanachakarika.

"Dada, leo unawachoma nini?"

"Homoni," nikasema, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.